Dishi la bondeni: Familia ya Lushoto ilivyochagua televisheni ya nyumbani

Lushoto. Basi dogo likishaiacha Mombo na joto lake, barabara inaanza kujikunja. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo lenye maji yanayoshuka kutoka Soni. Redio ya dereva inaimba, inakwaruza, inanyamaza, kisha kona inayofuata inarudi na kituo kingine kabisa. Abiria waliozoea njia hii hawashangai. Milima ya Usambara haijawahi kuwa rafiki wa mawimbi.

Pale Soni wauza mapeasi na plamsi wanasogeza ndoo zao dirishani. Hapo ndipo mgeni anapoinua macho na kuona kwamba mapaa ya bati, ya nyumba za matofali ya kuchoma na hata za udongo, yamebeba madishi. Mengi yametazama upande mmoja, magharibi, kama alizeti shambani saa za jioni. Machache yamelala karibu chali, kama sinia lililoanikwa juani.

Kila dishi lina hadithi ya fedha iliyotoka mahali. Huku inatoka kwenye karoti, kabichi na viazi. Na kila dishi liliwekwa na mzazi aliyekuwa na sababu yake.

Hii ni hadithi ya dishi moja, lililoko bondeni, mwendo wa bodaboda kutoka mjini Lushoto kuelekea Malindi ya huku milimani. Mwenye nyumba ni mama wa watoto watatu, mkulima wa mboga, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa ajili ya watoto. Dishi lake sasa lina miezi minane.

Usiku wa kibanda umiza

Mtoto wake wa kwanza wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la tano, na anapenda mpira kuliko chakula. Nyumbani hakukuwa na televisheni. Njiapanda kulikuwa na kibanda umiza: mabenchi, skrini moja, kiingilio cha sarafu chache na watu wazima wanaovuta sigara.

Mwanzoni alikwenda Jumamosi. Baadaye akawa anakwenda hata siku za shule. Mama alifoka, bibi wa nyumba hiyo akambembeleza, baba anayefanya kazi Tanga akampigia simu kumuonya. Mtoto aliitikia "ndiyo baba", na mechi iliyofuata akatoweka tena.

Julai, Lushoto ni baridi. Ukungu unashuka mapema, na barabara ya mlimani haina taa. Usiku mmoja ilifika saa 6 mtoto hajarudi. Mama alimfunga kitinda mimba mgongoni, akawasha tochi ya simu, akatoka. Alimkuta mwanawe kando ya barabara, ameshika goti. Pikipiki ilikuwa imeshuka bila taa, naye akarukia mtaroni kuikwepa. Asubuhi alishonwa nyuzi tatu kituo cha afya.

"Nilimshukuru Mungu kwamba ni goti," anasema mama huyo. "Lakini nilijua safari nyingine linaweza lisiwe goti."

Hivyo ndivyo televisheni ilivyoingia kwenye mazungumzo ya nyumba hiyo. Haikuwa anasa, bali njia ya kumrudisha mtoto ndani kabla ya giza.

Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alimtazama mjukuu wake wa miaka mitatu, akasema televisheni itamrudisha mkubwa nyumbani, lakini itakula usingizi wa mdogo. Wote walimwona mtu wa zamani. Miezi michache baadaye walirudi kwenye maneno yake.

Antena iliyonyamaza

Kosa la kwanza lilimgharimu baba. Alipata Tanga king'amuzi kilichotumika, kwa bei nzuri, pamoja na antena yake. Alikuja nacho mwisho wa mwezi. Antena ikafungwa kwenye mti mrefu, ikazungushwa kila upande, watoto wakipiga kelele kutoka ndani: "Bado! Bado!" Skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi, na ikabaki hivyo.

Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zimezoea neno king'amuzi. Lakini ving'amuzi haviko sawa. Kipo cha antena, kinachopokea mawimbi kutoka kwenye mnara uliosimama ardhini. Kipo cha dishi, kinachopokea kutoka kwenye setilaiti iliyoko angani. Kwa kawaida cha antena hakifanyi kazi na dishi, wala cha dishi hakifanyi kazi na antena. Zipo kampuni zinazouza aina zote mbili, hivyo kujua jina la kampuni peke yake hakutoshi.

Mawimbi ya mnara husafiri karibu na ardhi. Yakikutana na mlima, bonde lililo nyuma yake linabaki kivulini. Ndiyo maana Tanga mjini, kwenye tambarare, king'amuzi kilekile kilionyesha picha safi. Na ndiyo maana jirani wa mama huyu, mwenye nyumba juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, anapata chaneli kadhaa kwa antena ya kawaida.

Funzo hapa ni rahisi na halina gharama. Kabla hujanunua chochote, tembelea nyumba tatu zilizo karibu nawe, zenye kimo kama cha kwako. Uliza wanatumia nini na picha ikoje wakati wa mvua. Kama antena inashika vizuri, inaweza kukutosha: kwa kawaida ni rahisi kuifunga na haina haja ya fundi kupanda paa. Kama uko bondeni kama familia hii, jibu liko juu.

Ngumi tano angani

Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinazunguka kwa kasi inayolingana na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukizitazama kutoka Lushoto ni kama zimesimama mahali pamoja, usiku na mchana. Ndiyo sababu dishi likishalengwa vizuri halihitaji kugeuzwa tena.

Ile picha ya madishi yanayotazama magharibi ina maelezo yake. Azam TV hurushwa kupitia setilaiti iliyo longitudo nyuzi 7 mashariki. Lushoto iko karibu na nyuzi 38, kwa hiyo setilaiti hiyo inaonekana upande wa magharibi, ikiegemea kidogo sana kaskazini. DStv katika ukanda huu hutumia nyuzi 36 mashariki, ambayo kwa Lushoto ni karibu na utosi. Hivyo dishi lake hulala kana kwamba linasubiri mvua.

Kwa familia ya bondeni hili ni jambo kubwa. Hofu yao ilikuwa kwamba mlima ulioiziba antena utaliziba na dishi. Fundi kijana aliyeletwa kutoka mjini alisimama uani, akamsalimia bibi shikamoo, kisha akafanya jambo lililowachekesha watoto. Alinyoosha mkono mbele, akakunja ngumi, akaiweka usawa wa macho. Juu yake akaweka ngumi ya pili, ya tatu, mpaka ya tano.

Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni takriban nyuzi 10. Setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, kwa mtu aliyeko Lushoto, iko juu kwa nyuzi zinazozidi 50 kidogo. Maana yake ni ngumi tano na ushee kutoka usawa wa macho. Mlima wa magharibi mwa nyumba hiyo uliishia ngumi ya pili. Ulikuwa hauna shida kabisa.

"Mama, mlima wako hauna neno," fundi alisema. "Tatizo ni huu mkaratusi."

Mti ulisimama hatua chache tu kutoka ukuta wa magharibi, mrefu kuliko paa mara mbili. Ulipita ngumi ya sita. Majani mabichi, hasa yakilowa, huzuia mawimbi ya dishi. Mti uleule ungekuwa mbali zaidi, tuseme mita 15, usingezuia kitu. Familia ilikuwa na njia mbili: kuukata au kuhamisha mahali pa dishi. Bibi alikataa mti usikatwe, kwani ndiyo kinga ya upepo. Dishi likahamia kona ya jikoni la nje, mbali na mti, na waya ukawa mrefu kidogo.

Mzazi anaweza kufanya kipimo hicho mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Simama mahali unapodhani dishi litakaa, tazama upande ambako madishi ya kampuni unayoitaka yametazama, hesabu ngumi. Usisahau kwamba mti hukua. Mchongoma wa leo si tatizo, lakini mgrevilea uliopandwa mwaka jana unaweza kuwa ukuta baada ya miaka mitatu.

Maswali kabla ya pesa

Mjini Lushoto, karibu na soko, madishi yameegemezwa nje ya maduka kama vyungu vikubwa. Mama alikwenda Jumanne, siku isiyo na haraka, akiwa na mzee mmoja wa mtaa aliyewahi kuchoma pesa kwenye seti mbovu. Baba alikuwa kwenye simu kutoka Tanga. Yeye alitaka kifurushi kikubwa, chenye ligi za Ulaya zote. Mama aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mtoto mwenyewe anapenda nini?

Jibu lilikuwa mgongoni mwa mtoto, kwenye jezi. Aliyekuwa akimtoa nyumbani usiku hakuwa timu ya Uingereza. Mara nyingi ilikuwa Ligi Kuu ya hapa nyumbani, ambayo huonyeshwa na Azam TV. Mechi za Ulaya alizitazama kwa sababu tu kibandani ndizo zilizofuata.

Swali hilo liliokoa fedha nyingi kuliko ujanja wowote wa kupatana bei. Familia nyingi hununua kifurushi cha mtu mmoja anayesema kwa sauti kubwa, na mara nyingi mtu huyo si mtoto wala mama. Kabla ya kwenda dukani, kaeni mezani, kila mmoja ataje vipindi viwili anavyovihitaji kweli. Mkikuta orodha nzima imo kwenye kifurushi cha chini, msinunue cha juu.

Maswali mengine aliyouliza mama yanafaa kila mzazi:

Seti ina nini? Iliyokamilika ina dishi, LNB, yaani kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi, king'amuzi, rimoti, waya na vishikizo vya kufungia. Fungua boksi dukani uhakikishe. Waya wa kwenye boksi unaweza usitoshe, hivyo pima umbali nyumbani kabla.

Malipo yanaisha lini? Uliza kama kampuni inauza kwa mwezi tu au hata kwa wiki na siku. Kwa mkulima ambaye fedha huja kwa msimu, kulipa wiki moja ya mechi muhimu ni tofauti kabisa na kufungwa kwa mwezi mzima. Kisha zidisha bei ya mwezi kwa 12. Hiyo ndiyo bei halisi ya televisheni yako kwa mwaka, na mara nyingi inazidi bei ya dishi lenyewe.

Kifurushi kikiisha, kinabaki nini? Wengi wanakumbuka mwaka 2018, chaneli za kitaifa zilipoondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi kwa sababu ya masharti ya leseni. Mambo haya hubadilika. Usikubali jibu la "chaneli zote zipo". Omba muuzaji awashe king'amuzi kisicho na malipo, uone kwa macho yako kinachobaki.

Dhamana na risiti viko wapi? Na kama ni cha mkononi, kadi yake imesajiliwa kwa jina la nani? King'amuzi kilichosajiliwa kwa mtu mwingine kinaweza kukusumbua siku ya kulipia.

Fundi analipwa na nani? Wapo wauzaji wanaojumuisha ufungaji, wapo wanaokuachia boksi. Kwa nyumba ya bondeni iliyo mbali na mjini, nauli ya fundi nayo ni sehemu ya bei.

Kwa wanaotumia sola kuna hesabu ya ziada. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya televisheni na kwenye adapta ya king'amuzi. Kwa mfano, televisheni ikiwa ya wati 30 na king'amuzi wati 12, saa 3 kwa usiku ni wati-saa 126. Betri yako ikiwa inabeba taa na simu tu, ongeza uwezo kwanza, la sivyo nyumba itakaa gizani kwa ajili ya mpira.

Siku ya paa

Fundi alikuja asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Alikataa kupanda mpaka umande ukauke. Bati lililolowa huteleza, na kuanguka kutoka paa ni ajali inayovunja mgongo na maisha. Mzazi asimruhusu mtu kupanda kwa haraka, wala asipande mwenyewe kuokoa pesa kidogo. Mtu mmoja ashike ngazi, na watoto wakae mbali, kwani koleo likidondoka halichagui kichwa.

Dishi lilifungwa kwenye ukuta wa jikoni, usawa wa kufikiwa kwa ngazi fupi. Hakuna sheria inayosema dishi lazima liwe juu ya paa. Linachohitaji ni kuona anga upande wake na kutotikisika. Likiwa chini, kulisafisha na kulirekebisha ni rahisi, ilimradi watoto na mbuzi wasilifikie.

Waya uliachwa ukining'inia kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje yasifuate waya mpaka kwenye king'amuzi. Maungio ya nje yakafungwa vizuri yasiingie unyevu. Kwa Lushoto yenye ukungu, kutu kwenye maungio ni adui kuliko upepo.

Radi ni jambo la kuchukulia kwa uzito milimani. Mawingu yakianza kunguruma, zima televisheni, chomoa plagi, chomoa na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, na fanya hivyo mapema kabla radi haijakaribia. Kuzima kwa rimoti peke yake hakusaidii.

Mvua kubwa nayo ina tabia yake. Matone hupunguza nguvu ya mawimbi ya setilaiti, picha ikagandaganda au kupotea. Si ubovu. Mvua ikipungua picha hurudi yenyewe. Dishi kubwa zaidi, kwa mfano la sentimita 90 badala ya 60, hustahimili mvua vizuri zaidi. Watu wengi hupanda paani katikati ya mvua kugeuza dishi ambalo halikuwa na kosa. Wanahatarisha maisha, na mvua ikiisha wanakuwa wamepoteza na mwelekeo.

Ndani ya nyumba, mama alikuwa ameandaa meza ndogo yenye kitambaa kizuri kilichofumwa kwa mkono. Fundi alikitoa kwa upole. Mtoto wa miaka mitatu akivuta kitambaa, televisheni inamwangukia kichwani. Televisheni nyembamba za siku hizi huonekana nyepesi, lakini zinatosha kuumiza vibaya mtoto mdogo. Ifunge ukutani, au iweke kwenye kabati fupi, pana na zito, na uifunge kwa mkanda. Usiweke rimoti au mdoli juu yake, maana mtoto atapanda kuvifuata.

Maneno ya bibi

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa furaha. Mtoto mkubwa alikuwa ndani saa 12 jioni kila siku. Kibanda umiza kilipoteza mteja.

Wiki ya tatu, kitinda mimba alianza kugoma kulala. Alizoea kusinzia saa 2 usiku mgongoni mwa bibi. Sasa alikuwa macho mpaka saa 4, akitazama tamthilia asizozielewa, na asubuhi anaamka analia. Mtoto wa kati, wa darasa la pili, alianza kula akiwa amegeukia skrini, na chakula kinarudi jikoni. Mkubwa mwenyewe, aliyerudishwa nyumbani na dishi, sasa alikuwa nyumbani lakini macho mpaka usiku wa manane. Mechi kubwa za Ulaya za katikati ya wiki huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kutegemea majira ya huko.

Hapo ndipo maneno ya bibi yalipokumbukwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri watoto wa mwaka mmoja na chini ya hapo wasiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika saa 24, na wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtoto anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi anapata saa 8 tu. Usingizi wa mchana huenda usifidie pengo lote hilo kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalihesabu. Televisheni iliyowashwa bila mtu kuitazama nayo ina gharama. Ikiwa inapiga kelele sebuleni, mzazi huzungumza kidogo na mtoto, na mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kuzungumzishwa. Katika nyumba yenye chumba kimoja cha kukalia, kama nyingi za huku, kitufe cha kuzima ndicho kifaa muhimu cha malezi.

Na macho je? Bibi aliamini kukaa karibu na skrini kunapofusha. Hakupofushi. Lakini mtoto ambaye kila mara anasogea karibu sana ili aone anaweza kuwa haoni mbali vizuri, na huyo apelekwe kupimwa macho, si kuchapwa.

Karatasi iliyobandikwa ukutani

Mama hakuliuza dishi. Alikaa na mumewe aliporudi kutoka Tanga, wakaita watoto, wakaandika kwenye karatasi ya daftari.

Televisheni inawashwa baada ya kazi za shule. Wakati wa kula imezimwa. Saa 2 usiku inazimwa mpaka mdogo alale, hata kama ni taarifa ya habari. Mechi za alasiri na jioni ruhusa. Mechi za usiku wa manane hakuna siku za shule, na baba naye yumo kwenye sheria hiyo akiwa nyumbani. Hilo la mwisho ndilo lililoleta ubishi mrefu.

Fundi aliwaonyesha kwa simu namna ya kuweka namba ya siri kwenye king'amuzi, ili chaneli za watu wazima na filamu za mauaji zisifunguke bila mzazi. Ving'amuzi vingi vina sehemu hiyo, lakini huja na namba inayojulikana na kila mtu. Ibadilishe siku ya kwanza, na usiitumie ile ya benki yako ya simu mbele ya watoto.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo hawakulitarajia. Pamoja na televisheni nyumbani, mkubwa alitoroka tena mara mbili kwenda njiapanda. Safari hii mama hakupiga kelele. Alimuuliza. Mtoto alijibu kwamba nyumbani hakuna wa kushangilia naye. Kumbe kibandani alikuwa akifuata mpira na pia marafiki.

Tangu hapo, mechi kubwa ya mwisho wa wiki, watoto wanne wa jirani huruhusiwa kuja. Wanakalia mkeka, wanapewa chai, na giza likiingia mama huwasindikiza mpaka njia ya kwao kwa tochi. Ni kazi ya ziada kwake. Lakini anasema ni afadhali kuwasindikiza wanne kuliko kumtafuta mmoja.

Dishi kwenye ukuta wa jikoni

Mwezi huu kifurushi kimeisha kwa siku kumi na mama hajalipia. Karoti bado ziko shambani na mitihani ya shule imekaribia. Jioni nyumba inasikika tofauti. Mtoto wa kati anasoma kwa sauti, mdogo amelala, bibi anachambua maharage karibu na moto.

Mkubwa anapita uani, anatazama dishi lenye umande, kisha anauliza mechi ya watani ni lini.

"Jumapili," mama anajibu bila kuinua kichwa.

Anahesabu kwa vidole. Ijumaa atauza mafungu machache ya kabichi, Jumamosi atalipia cha wiki moja. Anamwambia mwanawe awaarifu wale wanne, na kwamba kila mmoja aje na sweta.